Kununua na Kumiliki SUV Iliyotembea Kilomita Nyingi: Mwongozo Kamili

Makosa ya wanaonunua SUV iliyotembea sana hufanana. Mnunuzi huangalia namba ya odometa, hulikuta gari limeoshwa na injini imeshapata moto, hulizungusha mtaa mmoja, kisha hulipa akiba yake yote. Miezi michache baadaye anakwama na bili ya giaboksi au silinda hedi asiyoweza kuilipa, na analaumu kilomita.

Kilomita mara nyingi hazina kosa. Gari hakuliwasha likiwa baridi, chini hakuingia, na pesa ya matengenezo ya mwanzo hakubakiza. SUV yenye kilomita 280,000 iliyobadilishwa oili kwa wakati inaweza kuwa na maisha marefu mbele yake kuliko yenye 130,000 iliyopigwa joto mara mbili. Kazi yako ni kujua iliyo mbele yako ni ipi.

Hatua zimepangwa makusudi: vipimo vya bure vinatangulia, vya kulipia vinafuata. Gari likianguka hatua ya tatu, hutakuwa umepoteza senti kwa fundi.

## Vitu vya kuandaa

- Tochi yenye mwanga mkali na kioo kidogo cha mkononi.
- Skana ya OBD-II (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), hata ile ndogo ya bluetooth inayotumia simu. Hakikisha inaonyesha namba zinazobadilika injini ikiwa inafanya kazi, siyo kodi (namba za msimbo) za hitilafu pekee.
- Multimita ya kupimia volti.
- Tishu nyeupe, glavu na nguo unayoweza kulala nayo chini.
- Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini isikwaruze rangi.
- Geji ya kupimia kina cha tairi.
- Jeki, stendi mbili na mtaimbo mfupi. Ukipata gereji yenye lifti au shimo, ni bora zaidi.
- Daftari na kalamu.
- Pesa iliyogawanywa mafungu mawili. Fungu la pili, lisilopungua moja ya tano ya bei ya gari, haliguswi siku ya kununua. Ni la hatua ya 8.

Kama fungu hilo la pili huna, tafuta gari la bei ya chini zaidi au subiri. Huu ndio ushauri mzito kuliko yote yatakayofuata.

## Hatua ya 1: Chagua injini na giaboksi kabla ya gari

Watu huchagua umbo na rangi. Wewe anza na mtambo, kwa sababu modeli ile ile inaweza kuwa na injini mbili tofauti kabisa kwa gharama.

Cheni au belti ya taimingi? Belti hubadilishwa kwa ratiba, kwa kawaida kati ya kilomita 90,000 na 160,000 kulingana na mtengenezaji. Injini nyingi zimeundwa kiasi kwamba belti ikikatika, pistoni hugonga vali na kuzipinda. Toyota Land Cruiser Prado yenye injini ya dizeli ya 1KD-FTV hutumia belti. Yenye petroli ya 1GR-FE ya lita 4.0 hutumia cheni. Subaru Forester za zamani zenye injini za EJ hutumia belti; zenye FB, zilizoanza kuingia mwishoni mwa 2010, hutumia cheni. Cheni nayo huchakaa, hasa oili ikicheleweshwa, lakini mara nyingi hupiga kelele kabla ya kuharibu kitu.

Giaboksi gani? Otomatiki ya gia za kawaida huvumilia umri vizuri ikibadilishiwa mafuta. CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) haivumilii uzembe: hutaka mafuta yake maalumu, na ikianza kutetemeka au kulia mluzi wakati wa kuondoka, matengenezo yake huweza kukaribia bei ya gari lenyewe. Manyuo (gia za mkono) ni rahisi zaidi. Kagua klachi na sinkronaiza.

Chesisi au bodi moja? SUV iliyojengwa juu ya chesisi hubeba mizigo na kustahimili njia mbovu, ila kutu ya chesisi ndiyo kifo chake. Ya bodi moja, yenye AWD (injini husukuma magurudumu yote manne), ni laini barabarani lakini huchukia tairi zisizolingana.

Baada ya hapo tafuta udhaifu unaojulikana wa injini hiyo hiyo. Mfano mzuri ni Nissan Pathfinder za mwaka 2005 hadi 2010: kipoza mafuta ya giaboksi kilicho ndani ya rejeta kinaweza kupasuka, kulanti (maji ya kupozea injini) ikaingia kwenye giaboksi na kuiua. Mnunuzi anayelijua hilo hubadilisha rejeta mapema.

Umefaulu ukiwa na: jina la modeli, miaka unayoitaka, msimbo wa injini (kama 1KD-FTV), aina ya giaboksi, na orodha fupi ya magonjwa yake matatu au manne.

## Hatua ya 2: Nyaraka na ukweli wa kilomita

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi ya gari. Ipapase kwa kidole: namba zilizosuguliwa, zilizochomelewa pembeni au zenye maandishi yasiyolingana ni sababu ya kuondoka bila majadiliano.

Kisha angalia odometa inahesabu nini. Gari lililotoka nchi zinazotumia maili huonyesha maili. Namba 120,000 ikiwa ni maili, gari limetembea takribani kilomita 193,000. Tafuta herufi "mi" au "km" kwenye kioo cha odometa.

Sasa pima kama namba inaendana na gari. Tazama mpira wa pedeli ya breki, usukani sehemu za namba 10 na 2 kama uso wa saa, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, na mkanda wa dereva uliotanuka nyuzi. Gari lenye kilomita 70,000 halipaswi kuwa na pedeli iliyolika hadi chuma. Pedeli mpya kabisa ndani ya gari kuukuu nayo ni swali. Omba risiti za sevisi na stika za kubadilisha oili. Tarehe na kilomita zake lazima zipande kwa pamoja.

Baadhi ya magari, hasa ya dizeli, hutunza pia saa ambazo injini imefanya kazi. Gawanya kilomita kwa saa. Kilomita 240,000 kwa saa 6,000 ni wastani wa kilomita 40 kwa saa, safari za kawaida. Kwa saa 10,000 wastani unashuka hadi 24: injini hiyo imekaa sana kwenye foleni au imewashwa gari limesimama, na imechoka kuliko odometa inavyosema.

Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake. Mstari wa tope au harufu ya uvundo huonyesha gari liliwahi kuzama. Thibitisha kwa kumulika reli za viti na nyaya chini ya zulia. Gari lililozama achana nalo; nyaya zake zitakusumbua miaka yote.

## Hatua ya 3: Liwashe likiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kulikuta gari halijawashwa. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti kabla hamjasalimiana sana. Likiwa la moto, subiri likipoa au rudi kesho. Injini yenye moto huficha mlio wa cheni, moshi wa asubuhi, stata dhaifu na nozo zinazovuja.

Oili. Chomoa dipstiki, idondoshee tone kwenye tishu nyeupe na uiache dakika chache. Oili nyeusi siyo shida, hasa kwenye dizeli. Shida ni tone lenye chembe za chuma zinazometa, tone linalonuka petroli, au lenye rangi ya chai ya maziwa. Fungua kifuniko cha kujazia oili, umulike ndani. Rangi ya dhahabu au kahawia ni nzuri. Tope jeusi zito lililoganda kama lami linamaanisha miaka ya oili kucheleweshwa. Ute mweupe kidogo chini ya kifuniko pekee unaweza kuwa unyevu wa safari fupi. Ukiuona pia kwenye dipstiki, kuna maji ndani ya injini.

Kulanti. Fungua rejeta likiwa baridi tu. Usifungue likiwa na moto: mvuke wake huunguza uso na mikono. Kulanti iwe na rangi safi, bila kutu, bila mafuta yanayoelea. Maji matupu yaliyotiwa kutu yanakuambia mwenye gari alikuwa akiongezea kila siku.

Kuwasha. Washa dashibodi kwanza bila kupiga stata. Taa za injini, oili, ABS na mifuko ya hewa lazima ziwake, kisha zizimike baada ya injini kuwaka. Taa isiyowaka kabisa huenda imetolewa au kuzibwa ili kuficha hitilafu.

Simamisha mtu nyuma ya bomba la ekzosi wakati unapiga stata. Moshi usomeke hivi:

- Bluu wakati wa kuwaka, kisha unakwisha: sili za vali zimekauka. Gari linaweza kuendelea kwa muda mrefu, lakini punguza bei.
- Bluu kila unapokanyaga mafuta: ringi za pistoni zimechoka, au tabo (turbo) inapitisha oili.
- Mweupe usioisha, wenye harufu tamutamu: kulanti inaungua. Gasketi ya silinda hedi inashukiwa.
- Mweusi: mafuta mengi kuliko hewa, kwa dizeli angalia nozo, kichujio cha hewa na mipira ya tabo.

Mlio wa njuga kwa sekunde moja baada ya kuwaka unaweza kuwa oili inapanda. Ukiendelea kwa sekunde tano au kumi, cheni au tensheni yake imechoka.

Injini ikiwa inazunguka bila kukanyagwa, legeza kifuniko cha oili ukiache kimekaa juu ya tundu lake. Kitetemeke kidogo tu. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa msukumo, gesi za mwako zinapita pembeni ya pistoni. Kwa dizeli yenye kilomita nyingi, hiki ndicho kipimo cha bure kinachosema mengi zaidi.

Umefaulu: injini inawaka haraka, inatulia bila kutikisika, na moshi unakwisha ndani ya dakika chache.

## Hatua ya 4: Skana na multimita

Chomeka skana kwenye soketi ya OBD-II, chini ya dashibodi upande wa dereva. Soma kodi zote, ikiwemo zinazosubiri kuthibitishwa. P0300 ni silinda kukosa mwako bila mpangilio. P0171 ni hewa kuzidi mafuta. P0420 ni kichujio cha kemikali cha ekzosi kufanya kazi chini ya kiwango.

Skana isiyoonyesha kodi yoyote haitoshi kukutuliza. Angalia ukurasa wa utayari wa mifumo. Vipimo vingi vikiwa havijakamilika, ama betri ilikatwa au kodi zilifutwa karibuni, na muuzaji anapaswa kueleza kwa nini. Vipimo hivyo hukamilika baada ya gari kuendeshwa mara kadhaa katika hali tofauti. Unaweza kuomba urudi baada ya siku chache.

Tazama pia marekebisho ya muda mrefu ya mafuta (long term fuel trim), yaani kompyuta inavyoongeza au kupunguza mafuta. Yakizidi asilimia 10 juu au chini, tafuta hewa inayoingia kinyemela, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya mafuta iliyochoka.

Betri nzuri iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, tarajia takribani 13.5 hadi 14.7. Magari ya karibuni yenye alternata inayodhibitiwa na kompyuta yanaweza kushuka chini ya hapo kwa muda. Kwa hayo, washa taa zote na feni uone volti zikipanda.

## Hatua ya 5: Ingia chini

Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi, tia gia, zuia magurudumu.

Anza na chesisi. Igonge kwa kitako cha bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma, hasa juu ya ekseli ya nyuma na mahali springi zinaposhikwa. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa hutoa sauti iliyofifia, au bisibisi huzama. Kutu ya juujuu ni ya kawaida. Kutu inayobanduka kwa matabaka ni ya kukataa. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini siku za karibuni ichokonoe kwa bidii zaidi, maana huenda imefunika matundu.

Kwenye bodi, pitisha sumaku kwenye milango na matao ya magurudumu. Isiposhika, kuna plasta nene ya gereji, isipokuwa paneli yenyewe iwe ya alumini au plastiki. Nati za fenda na boneti zenye mikwaruzo ya spana zinaonyesha zilifunguliwa.

Halafu uvujaji. Tofautisha unyevu na matone. Gari la umri huu likiwa na jasho la oili kwenye tapeti kava halitishi, gasketi yake ni ya bei nafuu. Oili inayodondoka pale injini inapokutana na giaboksi huenda ni sili ya nyuma ya krenki. Sili yenyewe ni ndogo, lakini giaboksi lazima ishuke, na gharama iko kwenye kazi hiyo.

Nyanyua gurudumu moja moja. Lishike juu na chini ulitikise: likicheza, beringi au boljointi imekwisha. Lishike kushoto na kulia: likicheza, tafuta tairodi au usukani. Ingiza mtaimbo kwenye bushi za mikono ya sasipensheni na usukume taratibu. Mpira uliopasuka utauona ukifunguka. Mulika buti za sivi jointi, kwa sababu iliyochanika humwaga grisi na kukaribisha mchanga. Shika propela shafti uizungushe mbele na nyuma. Mchezo kwenye krosi jointi haukubaliki.

Kwa tairi, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa AWD, pima kina cha zote nne. Tofauti inayozidi milimita 2 au 3 huilazimisha difu ya kati (gia zinazogawa nguvu mbele na nyuma) au klachi yake kufanya kazi muda wote hadi inaungua, na mwenye gari aliyevaa tairi za aina nne ameshaanza kuiharibu.

## Hatua ya 6: Endesha kwa dakika 40

Mtaa mmoja hautoshi. Unahitaji foleni, mlima, barabara mbovu na mwendo wa kasi.

Kabla ya kuondoka, kanyaga breki, hamisha gia kutoka N kwenda D, kisha R. Gari lishike ndani ya sekunde moja hivi. Likichelewa zaidi ya mbili, au likipiga teke, giaboksi imechoka au mafuta yake hayatoshi. Rudia kipimo hiki mwisho wa safari, kwa sababu giaboksi nyingi mbovu hujificha zikiwa baridi.

Mlimani kanyaga mafuta kwa nguvu. Mzunguko wa injini ukipanda bila mwendo kupanda, gia zinateleza. Kwenye mteremko achia mafuta kwa muda, kisha kanyaga tena ukitazama kioo cha nyuma: wingu la bluu wakati huo ni sili za vali.

Acha skana ikionyesha joto la kulanti. Injini nyingi hukaa kati ya nyuzi 85 na 105 za Selsiasi. Joto likipanda ukiwa umesimama huku kiyoyozi kikiwaka, shuku feni. Likipanda ukiwa kasi au mlimani, shuku rejeta iliyoziba, pampu ya maji, au gasketi. Usitegemee mshale wa dashibodi peke yake. Magari mengi huushikilia katikati hadi joto liwe limeshavuka mpaka.

Sikiliza pia. Ngurumo inayoongezeka na kasi na kubadilika ukikunja ni beringi ya gurudumu. Tikitiki ukikata usukani wote ni sivi jointi. Kishindo kimoja ukibadili D kwenda R ni krosi jointi, maunti ya injini au mchezo wa difu.

Jaribu 4WD (magurudumu manne yanayounganishwa na dereva), usiulize tu. Mifumo ya kuingiza na kutoa hukwama kwa sababu wenye magari hupitisha miaka bila kuitumia. Nenda kwenye udongo, changarawe au nyasi. Kwenye lami kavu ekseli mbili zilizofungwa pamoja hukamatana na kuumiza transfa (giaboksi ndogo ya 4WD). Ingiza 4H (4WD ya mwendo wa kawaida), tembea polepole, subiri taa iache kupepesa. Simama, weka N, ingiza 4L (4WD ya gia nzito), usikie gari likivuta kwa nguvu na mwendo mdogo. Kwa AWD ya kudumu, zunguka polepole kwenye uwanja tambarare usukani ukiwa umekatwa wote. Gari likijikamata na kurukaruka, kiunganishi cha kati kimeharibika au tairi hazilingani.

## Hatua ya 7: Vipimo viwili vya kulipia

Gari lililofika hapa linastahili kulipiwa fundi. Mchague wewe, asiwe wa muuzaji wala wa dalali.

Kipimo cha kompresheni. Kwa petroli: injini iwe na moto, plagi zote zitolewe, mafuta na umeme wa koili vikatwe, pedeli ya mafuta ikanyagwe hadi chini, stata izungushe injini mara tano au sita kwa kila silinda. Injini nyingi za petroli husoma kati ya psi 150 na 200, lakini linalokuhusu zaidi ni usawa: silinda ya chini isipungue ya juu kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Silinda ikiwa chini, tia kijiko cha oili ndani upime tena. Ikipanda, ringi, isipopanda, vali au gasketi. Dizeli ina shinikizo kubwa zaidi na geji yake. Kipimo cha petroli hakiifai.

Kipimo cha gesi kwenye kulanti. Kifaa chenye kemikali ya bluu huwekwa mdomoni mwa rejeta injini ikiwa inafanya kazi. Gesi ya mwako ikiwemo, bluu hugeuka njano. Kiwango cha kulanti kishushwe kidogo kwanza ili isivutwe ndani ya kifaa na kuharibu majibu. Ikigeuka, ondoka, hata bei ikikatwa nusu.

Baada ya hapo fungua daftari, ujumlishe gharama za kila ulichoandika, vipuri na ufundi, na uziondoe kwenye bei unayotoa. Muuzaji anayeonyeshwa orodha hubishana na orodha, na hapo wewe una nguvu.

## Hatua ya 8: Wiki mbili za kwanza

Chukulia kwamba hakuna kilichobadilishwa, hata ukiambiwa kila kitu ni kipya, isipokuwa penye risiti. Fanya kwa mpangilio huu.

1. Belti ya taimingi, kama ipo. Badilisha pamoja na tensheni, pule za kati na pampu ya maji. Kazi ya kufungua ni ile ile, usilipie mara mbili.

2. Oili ya injini na kichujio. Tumia unene ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Usimwage kemikali kali ya kusafishia kwenye injini yenye tope: tope hubanduka kwa mpigo, huziba chujio la pampu ya oili, na injini hukauka. Safisha taratibu kwa kubadilisha oili tena baada ya kilomita 1,500 hadi 2,000.

3. Mfumo wa kupoza. Badilisha kulanti, thermostati, kifuniko cha rejeta na mpira wowote uliovimba au uliolainika. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled), usichanganye aina mbili za kulanti, na toa hewa yote huku hita ikiwa wazi. Rejeta yenye vichwa vya plastiki vilivyobadilika rangi na kuwa na nyufa ibadilishwe sasa.

4. Mafuta ya giaboksi. Mwaga na ujaze kwa njia ya kawaida. Usikubali kusukumwa kwa mashine yenye presha kwenye giaboksi usiyoijua historia yake. Umwagaji mmoja hutoa sehemu tu, mara nyingi lita 3 hadi 5, kwa hiyo rudia mara mbili au tatu kila baada ya kilomita 1,000 hivi. Kiwango hupimwa kwenye joto alilotaja mtengenezaji.

5. Difu zote mbili na transfa. Fungua nati ya kujazia kabla ya ya kumwagia. Ikikwama ukiwa umeshamwaga, gari halitoki hapo. Nati ya kumwagia mara nyingi ina sumaku: ute laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno ya gia.

6. Maji ya breki. Hunyonya unyevu kutoka hewani na kuchemka mapema kwenye mteremko. Badilisha, kisha rudia kila baada ya miaka miwili.

7. Vichujio vya hewa na mafuta, plagi, grisi ya propela shafti. Kwa dizeli, mwaga maji kwenye kichujio cha mafuta.

Umefaulu: baada ya kilomita 500 hakuna tone jipya chini, kulanti haijashuka, na gia zinaingia laini kuliko siku uliyonunua.

## Hatua ya 9: Kulimiliki

Jaza oili hadi alama ya juu, tembea kilomita 1,000, pima tena mahali pale pale injini ikiwa katika hali ile ile. Andika. Ikipungua robo lita, endelea kwa amani. Ikipungua lita nzima, anza na vali ya PCV (inayotoa mvuke wa ndani ya injini) iliyoziba, ambayo ni ya bei ndogo, kabla ya kumkubalia mtu anayetaka kufungua injini. Magari mengi hufa kwa kukosa oili ambayo mwenyewe hakujua inaungua. Kwa hiyo pima kila unapojaza tangi.

Ratiba inayofaa kwa umri huu ni fupi kuliko ya kitabu: oili ya injini kila kilomita 5,000 hadi 8,000, mafuta ya giaboksi, difu na transfa kila 40,000 hadi 50,000. Ukivuka maji mengi yaliyofunika ekseli, fungua difu mapema: mafuta yenye rangi ya maziwa yameingiwa na maji kupitia bomba la kupumulia.

Ingiza 4WD mara moja kwa mwezi kwa kilomita chache kwenye udongo ili mota na uma zake zisigande. Badilishana nafasi za tairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Kwa AWD, ikipasuka moja na nyingine zimelika, nunua zaidi ya moja.

Joto likipanda, simama palepale salama uzime. Dakika tano za kusema "nafika tu hapo mbele" hupinda silinda hedi ya alumini. Kwa gari lenye tabo, baada ya mlima au mwendo mkali, acha injini izunguke kama dakika moja kabla ya kuzima, oili ibebe joto kutoka kwenye beringi za tabo.

Kila mwisho wa mwaka jumlisha daftari, ukitenganisha mafungu mawili: vitu vinavyochakaa, kama breki, bushi, tairi na shokapu, na matengenezo makubwa ya injini, giaboksi na chesisi. Fungu la kwanza ni la kawaida hata likiwa nene, na sasipensheni nzima iliyobadilishwa hukupa miaka. Fungu la pili likitaka kwa mkupuo mmoja zaidi ya nusu ya thamani ya gari, tafuta bei mbili za mafundi tofauti, na bei ya injini au giaboksi iliyotumika yenye dhamana. Chesisi ikiwa nzima, kubadilisha injini kunaweza kuwa hesabu nzuri. Chesisi ikiwa imeoza, usiweke hata giaboksi ya bure. Liuze kwa vipuri.